Jaji Asiyemeza

Jumatatu, 5 Agosti 1996. Migori.

Habari njema imenikuta nikinywa chai, nikasimama nayo mkononi. Chama cha Wenye Hoteli cha Homa Bay na Migori kitakutana Jumapili ya tarehe kumi na nane, katika hoteli ya kiongozi wao, Jaduong' Maurice (ndivyo Wajaluo wanavyomwita mzee), iliyo kando ya ziwa. Ajenda ni moja. Bia. Bia mpya ya chupa, iliyopikwa Awendo na binti msomi, Beverlyne Bosibori, aliyekwenda Uskoti kusomea sayansi ya vyakula akarudi na siri za kimea na chachu. Ni ile aina ambayo Waingereza huiita pale ale. Yeye ameipa jina la Dhahabu. Majaji watatu wataionja. Wakiikubali, itauzwa katika kila hoteli ya chama. Wakiikataa, binti atafunika mapipa yake na kurudi kufundisha kemia.

Ndugu wasikilizaji, hilo si jambo kuu. (Nisamehewe. Nimezoea kuhutubia, hata shajara naihutubia.) Jambo kuu ni kwamba mmoja wa majaji hao atafanywa mwenyekiti wa jopo. Yeye ndiye atakayesoma hukumu mbele ya wageni. Na kuanzia siku hiyo yeye ndiye atakayekuwa msemaji wa chama katika sherehe zake zote. Meza kuu. Kipaza sauti. Kiti chenye mikono.

Mimi, Elkana Mniko, mwalimu mkuu mstaafu, nimezungumza katika harusi, mazishi, mahafali na ufunguzi wa visima. Kiti hicho kilichongwa kwa kipimo changu. Anayekitamani bila haki ni Mayaka, mwenye baa pale karibu na stendi yetu ya Migori, Mkatoliki kutoka Kisii. Amekwisha kuteuliwa kuwa jaji. Hotuba zake zote huanza kwa maneno "Mimi si msemaji," na kwa sababu nisiyoielewa, watu humshangilia papo hapo.

Nafasi moja ya jaji bado i wazi. Wanatafuta mtu wa elimu.

Kuna kikwazo kidogo. Mimi ni mzee wa kanisa la Waadventista na maishani mwangu sijawahi kunywa bia.

Jumanne, 6 Agosti.

Nimemwandikia Jaduong' Maurice. Barua ya staha, aya nne. Nimemweleza kwamba nimeonja vinywaji katika mabara mawili. Ni kweli tupu. Mwaka wa sabini na nne nilihudhuria kozi Uingereza na nilikunywa chai yao, iliyo dhaifu.

Mke wangu Milka ameniuliza ninaandika nini kwa wino mzuri. Nimemjibu kwamba nimeombwa kusimamia haki katika kikao cha wafanyabiashara. Akataka kujua biashara gani. Nafaka, nimesema. Shayiri ni nafaka. Hapo hakuna uongo, kuna ufupisho. Milka ni shemasi, na pua yake husikia ufupisho kama inavyosikia maziwa yaliyochacha. Akasema, "Haya, Baba Mirumbe. Nafaka."

Sasa kuhusu kikwazo. Nimekumbuka makala niliyoyasoma katika jarida moja la kigeni. Majaji wa mvinyo wa Ufaransa, watu wenye heshima zao na tai, hawamezi hata tone. Huzungusha kinywaji mdomoni, hufumba macho, kisha hutema. Ndiyo kanuni ya kazi yao. Nimepitia mafundisho ya kanisa langu toka mwanzo hadi mwisho. Kunywa kumekatazwa waziwazi. Kuhusu kutema, mafundisho yako kimya.

Nimelala usingizi wa mtu mwadilifu.

Alhamisi, 8 Agosti.

Jaduong' Maurice amejibu. Nimeteuliwa! Ameandika kwamba jopo lilikosa Japuonj, mwalimu, anayeweza kueleza povu kwa lugha iliyonyooka.

Furaha yangu ilidumu hadi sokoni. Mayaka alikuwa amesimama kwa muuza nyanya, akaniita kwa sauti ya kusikika hadi Kehancha.

"Mwalimu! Nasikia sisi ni majaji pamoja. Wewe utahukumu nini, chupa au kizibo?"

Nilimjibu kwa utulivu kwamba hakimu wa kesi ya mauaji si lazima awe amewahi kuua. Jibu zuri. Nililiona likitua. Mayaka akanunua nyanya zake, kisha akasema, "Kweli kabisa. Lakini hata hakimu huyo atauliza marehemu alikufaje. Wewe, mwalimu, utamuuliza nani?"

Muuza nyanya alicheka akashika meza. Nimerudi nyumbani bila kununua mboga. Milka ameniuliza mboga ziko wapi.

Jumapili, 11 Agosti. Awendo.

Nimekwenda kumwona Beverlyne kazini kwake, ghala safi nyuma ya nyumba ya shangazi yake, kando ya barabara wanakopita madereva wa malori ya miwa wakipiga honi bila sababu. Binti mwembamba, mwenye miwani, asiyepoteza maneno. Ameninyooshea bilauri akaiinamisha, akamimina polepole. Alimimina kama mtu anayemwaga siri.

Lazima niwe mkweli kwa shajara. Kile kinywaji kilikuwa kizuri kukitazama. Rangi ya asali iliyopitishwa juani. Povu jeupe, si la kelele, limejikunja juu kama blanketi la mtoto. Nikakinusa. Kwanza ganda la chungwa. Halafu majani ya shamba asubuhi miwa inapokatwa. Halafu uchungu fulani wa kiungwana, ambao Beverlyne amesema unatoka kwenye maua yanayoitwa hopsi, na kwamba bila uchungu huo bia ni uji wenye kiburi.

Akaniomba nionje. Nikamwambia kwamba jaji haonji kesi kabla ya kikao.

"Hata kidogo, Mwalimu?"

"Hata kidogo. Ulimi wangu nautunza."

Alinitazama juu ya miwani. Nadhani alivutiwa.

Kisha akanipa maonyo mawili, akiyahesabu kwa vidole. La kwanza, chupa isitikiswe: chachu imelala chini kama tope jembamba, iachwe ilale, na matone ya mwisho ya chupa yasimiminwe. La pili, iwe baridi. Amerudia: isitikiswe, iwe baridi. Amesema maisha yake ya mwaka mzima yamo ndani ya chupa hizo na anaomba zifike mbele ya majaji zikiwa zimetulia.

Niliitikia kwa kichwa. Ila moyoni nilitabasamu. Sikukulia Uskoti, nimekulia Ukuria, kwenye boma la baba yangu, na kabla ya ubatizo wangu niliwaona wazee wakiuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake. Hakuna mama aliyepika pombe bila kuwaambia wageni, "Jamani, msifike chini, chini kuna machicha tu." Ulikuwa unyenyekevu. Kila mzee alijua nguvu ya mtungi imekaa chini, na anayeondoka bila kuigusa amemtusi mpishi. Ndiyo maana waliukoroga. Na baridi? Baba yangu aliongeza maji ya moto. Tumbo la mzee halikaribishi barafu.

Binti huyu ana adabu kupita kiasi. Haya yake yatamponza. Itabidi nimsaidie kimyakimya.

Jumatano, 14 Agosti.

Siku ngumu.

Asubuhi nilianza mazoezi ya kutema. Chai ya rangi, iliyopoa, kikombe kizima. Ndoo nyuma ya jiko. Unajaza kinywa, unazungusha kushoto, unazungusha kulia, unafumba macho kama Mfaransa, unatema. Mara ya kwanza nilijilowesha viatu. Baada ya vikombe kadhaa nilikuwa natema kwa mstari ulionyooka, wa heshima, usiomkera mtu. Nilijisikia fundi.

Sikujua kwamba Milka alikuwa dirishani.

Baada ya muda mfupi nikasikia wimbo ukija njiani, na wimbo ukaingia uani, na nyuma ya wimbo akina mama wa Dorkasi, kikundi cha huduma cha kanisa letu, wakiongozwa na Dada Phelesia, mwanamke ambaye akiomba hata mbwa hukaa chini. Milka alikuwa amewaambia kwamba koo la mume wake limefungwa. Hakiteremki kitu. Hata chai anairudisha.

Ningesema nini? Ukweli ulikuwa na bia ndani yake. Nikaketishwa kitini. Mikono mingi ikawekwa kichwani na shingoni mwangu. Dada Phelesia akaomba kwa nguvu, na ombi lake lilikuwa hili: kwamba kila kitakachoingia kinywani mwa mtumishi huyu, kuanzia leo, kisirudi nje, kishuke, kipite koo, kifike tumboni, kikakae.

Wote wakasema amina. Wakanisubiri mimi.

Nilisema amina. Kwa sauti ndogo, lakini nilisema. Kuanzia hapo nimelishwa uji, Milka akiwa ameketi mbele yangu akiangalia shingo yangu ikipanda na kushuka. Kila nikimeza anasema, "Bwana asifiwe."

Ijumaa, 16 Agosti.

Hotuba imekamilika. Inaanza na shayiri katika Maandiko, inapitia historia ya ukarimu wa Nyanza ya Kusini tangu tulipogawanywa kuwa wilaya mbalimbali, inamgusa binti wa Awendo kwa maneno ya baba, na inaishia kwa sentensi ambayo sitaiandika hapa nisije nikaichosha. Nimeisoma mbele ya kioo. Kioo kiliguswa.

Mbinu nimeikamilisha pia. Ndoo haifai mbele ya wageni. Nitatumia leso. Nitaonja, nitafumba macho, nitainua leso kama mtu anayejipangusa midomo, na humo kesi itaishia. Nimechagua leso kubwa kuliko zote, ile ya mazishi.

Mayaka anasemekana kuwa hajajiandaa hata kidogo. Vizuri sana.

Jua linatua. Sabato inaingia. Naweka kalamu.

Jumapili, 18 Agosti. Homa Bay.

Naandika haya Migori, suti ikiwa imeanikwa nje.

Nianze kwa utaratibu. Beverlyne alinipitia asubuhi na pikapu, chupa zikiwa zimelazwa kwenye barafu na magunia. Kutoka Rongo hadi Homa Bay aliendesha kama mtu aliyebeba mayai ya jirani. Tulipofika, alikwenda kumsalimu Jaduong' Maurice, akaniachia chupa za majaji nizilinde.

Nikazilinda. Nilizitoa kwenye barafu. Nikazipanga juu ya ukuta, juani, zipate uhai. Halafu nikazipindua moja moja, juu chini, chini juu, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto siku ya sikukuu. Lile tope likapanda, bia ikawa na ukungu mzuri, mzito. Nikasema moyoni: sasa wazee watakutana na chini ya mtungi tangu tone la kwanza. Alipokaribia kurudi nikazirudisha barafuni. Sikutaka shukrani.

Wenye hoteli walijaa ukumbini, pamoja na wake zao, na akina mama wa jikoni wakachungulia mlangoni. Jaduong' Maurice, mtu mrefu mwenye kofia ya manyoya asiyoivua hata kwa wageni wakubwa, alitukaribisha. Alisema jopo ni yeye, Mayaka, na Japuonj Mniko. Mwenyekiti hajachaguliwa, tutamjua kwa kazi yake. Kisha akasema elimu itangulie.

Elimu ilikuwa mimi.

Chupa ilifunguliwa, ikakohoa. Povu likapanda hadi ukingoni mwa bilauri. Beverlyne aliinua nyusi. Mimi niliinua bilauri. Nilijaza kinywa chote, maana funda dogo huonyesha hofu, na ukumbi wote ulikuwa ukinitazama.

Hapa sina budi kueleza kilichotokea ndani.

Ilikuwa tamu. Si tamu ya sukari. Tamu ya kitu kinachojua kinakwenda wapi. Lile ganda la chungwa likafungua mlango, shayiri ikaingia kama mkate uliotoka jikoni, na nyuma yake ule uchungu ukaja taratibu ukaketi kwenye ulimi kama mgeni anayejua hatafukuzwa. Nilielewa, kwa mara ya kwanza, kwa nini kanisa lililazimika kutunga kanuni. Kwa mujibu wa mpango nilipaswa kuinua leso mara moja. Sikuinua. Nilitaka kuhakikisha kuhusu lile chungwa.

Wakati nikihakikisha, povu lilianza kukua. Bia iliyoamshwa na kuota jua haitulii kinywani. Ilijaza mashavu. Ikapanda puani. Nikatafuta leso mfukoni, mkono wangu ukakutana na hotuba. Mashavu yangu yalikuwa yamefika mwisho wao. Na hapo Mayaka, aliyeketi mbele yangu, akaniinamia kwa sura ya huruma kabisa, akanong'ona:

"Mwalimu, marehemu alikufaje?"

Sikucheka. Naomba ieleweke hivyo. Mwili ulicheka.

Ilitoka yote kwa mara moja, si kwa ule mstari wa heshima niliouzoeza, bali kwa mnyunyizo mpana, mwembamba, uliong'aa kwenye mwanga wa dirisha, ukatua juu ya Mayaka kuanzia kipaji cha uso hadi kifungo cha tatu cha shati.

Nilisikia ziwa.

Nilikuwa natunga sentensi ya kuomba radhi, yenye vishazi vitatu, nikaona Jaduong' Maurice anasimama. Akavua kofia. Watu waliona kipara chake kwa mara ya kwanza, na nadhani hilo peke yake liliwatisha. Akasema kwa sauti nzito kwamba alidhani tumekuja hapa kwa biashara tu, akasahau kwamba wazee bado wapo. Kwetu, alisema, na kwa Wakuria, na kwa Wakisii vilevile, mzee akikipulizia kifua cha mtu pombe kutoka kinywani mwake, amembariki. Japuonj wa watu hakukimbilia kusifu povu kama Mzungu. Amefanya kwanza lile linalotangulia.

"Na tazameni," akasema, "hakumchagua rafiki. Amembariki mshindani wake."

Akina mama wa jikoni wakapiga vigelegele. Mayaka, ndugu wasikilizaji, hakujipangusa. Aliinamisha kichwa, bia ikimdondoka kwenye kidevu, akaipokea baraka kama mtoto wa kipaimara. Aliponiinulia macho, yalikuwa na machozi. Huenda ilikuwa hopsi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Ni nani, akauliza Jaduong' Maurice, atakayekataa kinywaji kilichokwisha kubariki mtu? Hakuna. Bia imekubaliwa, hoteli zote, bila kura. Na mwenyekiti wa jopo, msemaji wa chama, ni nani isipokuwa yule aliyenyunyiziwa? Mzee mwenyewe amemwonyesha.

Nilisimama. Nikasema ningependa kutoa ufafanuzi mfupi. Nilikuwa na hotuba mkononi, imelowa lakini inasomeka.

Jaduong' Maurice akaniwekea mkono begani kwa upole mkubwa. "Baraka haielezwi, Japuonj," akasema. "Keti upumzike."

Mayaka akapewa kipaza sauti. Akasema, "Mimi si msemaji." Ukumbi ukalipuka. Akaongeza kwamba anamshukuru mwalimu wake, kisha akaketi kwenye kiti chenye mikono. Hotuba nzima.

Wageni wote wakataka kuionja ile bia, na kila mmoja akataka ya kwake iwe kama ya mzee: iliyokorogwa, yenye ukungu, isiwe baridi, maana Mayaka aliwaambia iliyomlowesha ilikuwa vuguvugu. Nilimwona Beverlyne akitazama chupa zake zikipinduliwa meza baada ya meza. Njiani kurudi aliniuliza ni nani aliyezitikisa za kwanza. Nikaisingizia barabara. Aliendesha hadi Rongo. Hapo akacheka, peke yake, akiwa ameshika usukani, akacheka mpaka akasimamisha gari. Akasema mwaka mzima alikuwa akiwaza jinsi ya kuwafundisha watu kuiacha chachu ilale, na sasa ameagizwa kreti nyingi kuliko anavyoweza kupika, zote za kutikiswa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mpishi anayetaka kujua kweli, ilikuwaje kinywani.

Nilimwambia: chungwa, mkate, na mgeni asiyefukuzwa. Ameandika kwenye kiganja cha mkono.

Kama kuna matone yaliyoteremka, sina ushahidi wake. Ombi la Dada Phelesia lilikuwa na nguvu.

Jumatatu, 19 Agosti.

Habari ilinitangulia. Pasta alifika kabla ya chai, pamoja na wazee wawili wa kanisa, nyuso zao zimefungwa.

Pasta aliniuliza kama nilikunywa bia Homa Bay. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo. Nilisema hapana, kwa kifua kipana, mashahidi ni ukumbi mzima, iliyoingia ilitoka. Pasta akashusha pumzi. Wazee wakatabasamu. Kisha mmoja wao akauliza, kwa kutaka kujua tu, ilitokaje.

Nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza, tabasamu zilipungua.

Ikabainika hivi. Kunywa kuna utaratibu wake. Mtu huitwa, huonywa, hutubu, hurejeshwa. Lakini mzee wa Waadventista aliyesimama hadharani akafanya ibada ya mababu, kwa pombe, juu ya kifua cha Mkatoliki, na vigelegele vikapigwa: hilo halijawahi kutokea na hakuna anayejua lihesabiwe wapi. Wataomba mwongozo kutoka juu. Kwa sasa ninaombwa nisisome matangazo ya Sabato.

Matangazo ya Sabato. Kipaza sauti pekee nilichokuwa nimebakiwa nacho.

Walipoondoka, Milka alikuwa akiipiga pasi suti yangu, ambayo kwa kweli bado inanukia chungwa. Nilitarajia maneno makali. Alisema tu, bila kuinua macho, "Baba Mirumbe, si ungemeza? Mlevi akitubu tunamwimbia. Hili lako halina hata wimbo."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Akatoka nje akisema anaangalia kuku. Kuku hawafugwi upande ule.

Jumatano, 21 Agosti.

Mayaka amekuja na jogoo. Ametaka kunishukuru. Tangu Jumapili baa yake haina pa kukaa, na amealikwa kuzungumza katika harusi mbili. Ameniita baba mara kadhaa. Ameomba nifike Jumamosi nikaibariki meza mpya ya biliadi.

Nimemjibu kwa heshima kwamba Jumamosi ni Sabato, na kwamba kazi ile ilikuwa ya mara moja. Amesema anaelewa, wazee wakubwa hukataa mara ya kwanza. Jogoo amebaki. Ni jogoo mzuri, mwenye sauti. Ndiye pekee katika boma hili anayezungumza hadharani.

Alhamisi, 22 Agosti.

Wasikilizaji wangu, fadhila za Mungu hazina mwisho.

Nimeletewa mwaliko kutoka Sori. Akina mama wanaochoma samaki pale ufukweni wanaandaa mashindano ya mapishi mwezi ujao, na wamesikia sifa zangu kama jaji. Wananitaka niwe mwenyekiti wa majaji. Si mjumbe, mwenyekiti. Kuna jukwaa. Kuna kipaza sauti, wameniandikia hivyo wenyewe, cha betri. Mayaka atakuwepo kama mgeni tu, ameketi chini, akinisikiliza.

Samaki watakaohukumiwa ni kambale, yule mwenye ndevu ambaye wavuvi wa hapa humwita mumi. Kambale hana magamba. Kanisa langu, kwa mujibu wa Walawi, haliruhusu kumla asiye na magamba.

Nimekaa na mafundisho yote mezani tangu mchana. Kula kumekatazwa waziwazi. Kuhusu kutafuna, mafundisho yako kimya.

Nimekubali kwa maandishi. Kesho naanza mazoezi nyuma ya jiko, kwa viazi vitamu. Nimekwisha kumwomba Milka leso mbili. Amenipa tatu, na ameuliza kama Dada Phelesia aarifiwe mapema.

Sina hofu yoyote. Nimeitafakari Homa Bay kwa utulivu, hatua kwa hatua, na kosa nimeliona liko wapi. Lilikuwa povu. Samaki hana povu.